Siku ya Tisa, na Bado Hajala

Leo ni siku ya tisa na samaki wangu jike bado hajala. Asubuhi nimenyunyiza unga wa omena kama kawaida, wenzake wakaurukia, yeye akabaki konani nyuma ya kigae cha chungu, ametulia, kidevu kimevimba kama cha mtu aliyebanwa na tonge kubwa. Ukimtazama kwa makini utaona taya linakwenda polepole kana kwamba anatafuna, linatulia, kisha linaanza tena. Hatafuni. Anawageuzageuza wanawe humo mdomoni ili kila mmoja afikiwe na maji mapya. Jana usiku nilimmulika kwa tochi kutoka upande. Ngozi ya koo imetanuka hadi imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia chapati, na nyuma yake nikaona vidoti vyeusi, viwili viwili. Ni macho.

Samaki mwenyewe hazidi urefu wa kidole changu cha kati. Wataalamu wanamwita Pseudocrenilabrus multicolor victoriae, nususpishi (tawi ndani ya spishi moja) iliyopewa jina hilo mwaka 1990 na Mjerumani Lothar Seegers. Wavuvi wa hapa Kisumu wanamwita fulu, jina wanalompa karibu kila samaki mdogo wa Ziwa Victoria mwenye umbo la ngege, yaani tilapia. Na kweli ni jamaa wa ngege: wote ni wa familia ya samaki iitwayo sikilidi. Ila huyu ni katika sikilidi wadogo, wale unaoweza kuwafuga maisha yao yote katika tangi linalokaa juu ya meza ya sebuleni, wakazaa humo humo na ukawaona wakilea.

Nilimpata kwenye ndoo ya chambo. Nilikuwa nimeenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, Jumamosi moja kununua samaki wa nyumbani, nikamkuta kijana ameketi ukingoni mwa mafunjo na ndoo ya rangi, ndani mna samaki wadogo wamejazana. Nikamuuliza bei. Akanitazama kwa mshangao.

"Omera, hizo si za kula. Hizo ni za ndoano ya mbuta."

Anawatoboa mgongoni wangali hai, anawatundika kwenye kamba ndefu yenye ndoano nyingi, na mbuta, yaani sangara, akipita usiku anawakuta wanatapatapa. Wengi walikuwa wamepauka kwa hofu, rangi ya tope tupu. Lakini mmoja alikuwa na kidoa kwenye ncha ya pezi la chini, lile lililo karibu na mkia, rangi ya chungwa lililoiva. Mwili wote umefifia, kile kidoa hakijafifia. Nilikuwa nimesoma habari za kidoa hicho. Nilinunua tisa kwa shilingi 100, tukapanda boda pamoja na jerikani, na njia nzima nilikuwa nimeikumbatia mbele yangu kama mtoto.

Hapo awali nilikuwa nafuga samaki wa mbali. Nilikuwa na kribensis, Pelvicachromis pulcher, ambaye kwao ni mito ya Nigeria na Kameruni, na wangu walinifikia kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Kribensis ni samaki mzuri sana na simshushi hadhi. Jike akiwa tayari tumbo lake hugeuka zambarau, anamwita dume kwenye kifuu cha nazi au chungu kilichovunjika, anatandaza mayai darini mwa pango hilo, na baada ya hapo wazazi wote wawili wanawachunga watoto kama wachungaji wawili na kundi moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Hata hivyo, nilikuwa nikisoma usiku kuhusu mito ya Nigeria huku ziwa liko kilomita chache kutoka dirishani kwangu, na sikuweza kutaja majina ya samaki watano wadogo wanaoishi ndani yake.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Ndugu yake wa Misri, nususpishi ya kwanza, alielezwa kitaalamu mwaka 1903, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa Ujerumani wamekuwa wakimfuga majumbani. Vizazi na vizazi vya watoto huko wamejua samaki anayelea mdomoni kwa kumtazama huyu. Sisi tuliozaliwa penye maji yake tunamjua kama kitu cha kutundika kwenye ndoano. Simlaumu kijana wa ndoo, ana watu wa kulisha. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa nieleze tangi, kwa sababu watu wananiuliza. Langu lina urefu wa sentimita 75, upana 30 na kina 35, karibu lita 79 likijaa hadi juu. Nilikatiwa vioo na fundi wa Kondele, vyote vya milimita 6, nikaviunga mwenyewe kwa silikoni. Hakikisha silikoni haina dawa ya kuzuia ukungu, hiyo inaua samaki. Iache ikauke siku kadhaa, jaza maji, mwaga, jaza tena. Chini niliweka mchanga wa mto niliouosha hadi maji yakatoka meupe. Kichujio ni sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, kitu cha bei nafuu, na kwa vifaranga hakuna kilicho salama zaidi maana sponji haimnyonyi mtu. Hita sina. Kisumu haihitaji, maji yangu hucheza kati ya nyuzi 25 na 27 karibu mwaka mzima. Rafiki yangu wa Nakuru hana bahati hiyo. Kule juu usiku una baridi, na bila hita samaki wa namna hii hukaa tu bila hamu ya kuzaa.

(Nakuru nako wana sikilidi mdogo wa ajabu wa kwao, ingawa ni mgeni: Alcolapia grahami, aliyeletwa kutoka Ziwa Magadi miaka ya 1950 na 1960. Anaishi katika maji ya magadi ambayo yangemuunguza samaki mwingine yeyote, na ndiye aliyewavuta mwari wengi, wale ndege wakubwa wala samaki, kuja kula Ziwa Nakuru. Siku moja nitaandika habari zake peke yake.)

Maji ya bomba yana klorini. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, ukiweza weka na bomba la hewa libubujike humo, ndipo uyatumie. Na tangi jipya lisipewe samaki siku hiyo hiyo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, amonia ni sumu, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti na kisha nitreti huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji na mchanga. Kribensis wangu wa kwanza kabisa walikufa kwa sababu sikungoja. Walikuwa wanne. Niliwazika chini ya mpapai na tangu siku hiyo sijawahi kuharakisha maji.

Wale tisa wa ndoo walibaki sita baada ya wiki ya kwanza, majeraha ya kubanana yaliwashinda watatu. Kati ya sita, wawili walikuwa madume. Kwa karibu mwezi mzima walijificha kwenye majani, kisha asubuhi moja nikamkuta dume mkubwa amevaa rangi. Sijui niielezeje. Mdomo wa chini ulikuwa wa samawati iliyokolea, ubavu unameta dhahabu ukimwangalia huku na kijani ukimwangalia kule, na lile chungwa kwenye ncha ya pezi limewaka kama kaa la moto. Alikuwa amechimba shimo mchangani, duara safi lisilozidi kifuniko cha chupa ya maji, na kila jike alipokaribia alijipinda mbele yake, akatetemeka mwili mzima, akamwonyesha njia ya kwenda shimoni.

Walivyotaga, nilikaa chini sakafuni saa nzima na chai ikapoa. Jike anaingia shimoni, wanazunguka kichwa kwa mkia, anatoa mayai machache ya rangi ya manjano, na kabla hata hayajatulia anageuka anayaokota kwa mdomo. Dume anamlazia pezi mbele. Jike anakidona kile kidoa cha chungwa, na wakati huo dume anatoa mbegu, naye anazivuta ndani pamoja na maji. Mayai yanarutubishwa mle mle mdomoni. Kisha wanazunguka tena, na tena.

Uzazi huo wa kwanza niliuharibu mimi. Siku ya tatu nilimwona dume akimfukuza, nikaingiwa na huruma, nikachukua wavu nikamkimbiza jike tangi zima nimhamishe. Nilipompata kidevu kilikuwa kitupu. Alikuwa amewameza. Nilisoma baadaye kwamba majike wachanga hupoteza uzazi wa kwanza hata wasipoguswa, lakini najua nilichokiona: alikuwa amebeba vizuri, mimi ndiye niliyemtisha. Siku hizi sigusi jike aliyebeba kamwe. Nikiona mmoja amefunga mdomo, nawatoa madume, usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa jagi badala ya wavu. Yeye anabaki mahali anapopajua.

Usiku ambao siwezi kuusahau ulikuja katika uzazi wa pili.

Stima ilipotea saa mbili na nusu usiku. Nilingoja kidogo kama tunavyongoja wote, nikala kwa mshumaa, nikalala. Saa saba nikaamka, nyumba kimya. Ule ukimya ndio ulionishtua, kwa sababu nimezoea kulala na mngurumo wa pampu. Matangi yalikuwa mawili, yamepakana: la kribensis na la fulu. Yote mawili nilikuwa nimeyajaza majani tele, na majani usiku hayatoi hewa, yanaitumia kama samaki wanavyoitumia. Nikawasha tochi. Kribensis walikuwa juu, wanahema kwa fujo, matamvua wazi, jike amelala ubavu. Nilichukua kikombe nikaanza kuchota maji na kuyamimina kutoka juu ili yabebe hewa. Kikombe baada ya kikombe, mkono huu ukichoka nahamia mwingine.

Katikati ya shughuli hiyo nikamulika tangi la pili, nikijua jike wangu mwenye mimba ya mdomo amekwisha. Alikuwa juu kweli, wa kwanza na wa pekee. Wenzake wametulia chini. Lakini hakuwa anapapatika. Alikuwa ameinamisha mkia kidogo, midomo imegusa ngozi ya juu kabisa ya maji, pale palipo na hewa kidogo inayoingia yenyewe, na taratibu, bila haraka yoyote, alikuwa akiyavuta maji hayo ndani na kuyageuza. Alikuwa anahema kwa niaba ya mdomo mzima. Nilisimama na kikombe mkononi nikamtazama mpaka tochi ikaanza kufifia.

Stima ilirudi saa kumi na moja kasoro. Jike wa kribensis alikufa kabla ya mchana, na nilimlilia. Fulu hakupoteza hata mtoto mmoja.

Nilipotafuta maelezo niliyapata kwenye kazi za Lauren Chapman, profesa wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliyewafuatilia samaki hawa kwa miaka mingi huko Uganda. Ndani ya mafunjo maji hayasogei, majani yanaoza, jua halipenyi, na hewa iliyomo ni kidogo mno. Fulu hawa wanaishi humo. Wale wa kwenye kinamasi wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji wazi, na wanajua kupanda juu kunyonya ule utando wa maji wenye hewa. Jike aliyebeba hupanda mapema zaidi ya wenzake, kwa kuwa mdomo wake una mzigo. Yote niliyoyaona kwa tochi yalikuwa desturi ya kwao, ya zamani kuliko mji huu.

Na hapo ndipo historia ya ziwa ilipoingia nyumbani kwangu. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kila mahali, na fulu wakapukutika. Ziwa lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufika 500 za sikilidi hawa, na inaaminika kwamba kama 200 zimetoweka. Maji nayo yalichafuka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yalipokuwa tope majike hawakuweza tena kutambua rangi za madume wao, na aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyikana. Ukishamwona dume amevaa rangi zake mbele ya jike unaelewa mara moja kwa nini maji meupe ni suala la uhai.

Lakini mbuta hawezi kuvumilia maji yenye hewa kidogo. Haingii ndani ya mafunjo. Kile kinamasi ambacho watu wanakiona kama uchafu wa kufyeka na kuchoma, ndicho kilichowaficha hawa. Ndivyo ilivyo pia kwa Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, lililojitenga na ziwa kuu nyuma ya kinamasi cha Yala: ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ambaye Ziwa Victoria lenyewe limekaribia kumsahau, bado yupo huko. Kila nikisikia mtu anapanga kukausha kinamasi apande kitu, moyo wangu unakwenda mbio.

Dani, bibi yangu, alikuja kututembelea mwezi huo huo. Hajawahi kuelewa kwa nini ninawafuga samaki bila kuwala, na sikumlaumu. Nilimsogezea kiti mbele ya tangi. Akavaa miwani, akainama, akanyamaza kwa muda mrefu sana.

"Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "hizi ni fulu."

"Ndiyo, Dani."

"Tulikuwa tukizianika juu ya nyasi. Kikapu tele. Mama yangu alizipika na kuon," yaani ugali. Akaweka kidole kwenye kioo, na dume akakifuata kidole kile kutoka upande huu hadi ule. "Nilifikiri zimeisha."

Siku ya kumi na mbili ya uzazi ule, akiwa bado yupo nyumbani, jike alifungua mdomo. Walitoka kama wingu dogo, kila mmoja si mrefu kuliko punje ya mchele, wakabaki wamemzunguka kichwa. Nikasogea ghafla kuchukua simu, naye akarudi nyuma, akainamisha kichwa, na wote wakamiminika kuelekea mdomoni, wakisukumana. Dani alipiga kofi kwa furaha kama msichana. Mchezo huo uliendelea siku nne tano: nje kula, hatari kidogo, ndani. Usiku analala nao. Kisha akaanza kuwasahau, ndipo nikamtoa, akapumzike na kula peke yake kwenye tangi lingine wiki mbili, kwa sababu amekonda na dume hana subira.

Niliwahesabu mara tatu nikapata 43 mara mbili na 44 mara moja. Chakula chao cha kwanza ni rahisi kuliko cha kribensis, kwa kuwa wanatoka wakiwa wamekomaa. Artemia, viumbe wadogo sana wa maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyo ndio bora: mayai makavu ninayaagiza Nairobi, nayaweka kwenye chupa ya soda ya lita 2 iliyogeuzwa juu chini, maji ya chumvi, hewa ikibubujika, na kati ya saa 24 na 36 wanakuwa wamepasuka. Yakiisha, natumia omena iliyosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa, au ochonga, wale kamba wadogo wa ziwani, waliokauka na kusagwa. Kidogo sana, mara tatu nne kwa siku, na kila baada ya siku mbili natoa sehemu moja ya tano ya maji na kuweka mapya. Madume wanaanza kuonyesha lile chungwa wakiwa na miezi mitatu hivi. Hapo inabidi uwe umewapatia pa kwenda.

Wangu wamekwenda kwa watu wanaowatunza: mwalimu mmoja wa Migosi, vijana wawili wa Manyatta walioanza na tangi la kuazima, jirani yangu. Kila ninayempa namwahidisha jambo moja, kwamba hata akichoka hatawamwaga ziwani, na kribensis ndiyo kabisa asithubutu. Samaki aliyekaa tangini anaweza kubeba magonjwa, na ziwa hili limeshaletewa wageni wa kutosha. Akichoka anirudishie, saa yoyote, hata usiku.

Nikirudi kwa huyu wa leo, ni binti wa yule wa usiku wa giza. Nimenunua pampu ndogo ya betri, iko kwenye rafu juu ya tangi, betri mpya ndani. Ndoo mbili za maji zimekaa tangu jana. Omena nimesaga na kuchekecha mara mbili. Mchana wa leo amesogea kutoka nyuma ya kigae mara moja tu, akaja mbele hadi kwenye kioo, taya likienda, akanitazama, akarudi. Nadhani itakuwa Jumatano.